Jiko la Watu Wengi

Kata ya Ibaba imo katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, katika nchi ya vilima, mvua na baridi. Asubuhi na mapema moshi huonekana ukipanda juu ya mapaa: akina mama wamekwisha kuwasha moto. Katika jiko la nyumbani twaona mafiga matatu, sufuria, mwiko na ndoo ya maji. Mama huketi juu ya kigoda, na kila kitu akitakacho hukifikia kwa mkono. Jiko hilo ni dogo, lakini kwa watu wanane latosha.

Sasa fikirini, wanafunzi. Ikiwa mama huyo ataka kuwapikia watu 120, afanyeje? Wengi hujibu upesi, "Na ajenge jiko kubwa, anunue na sufuria kubwa." Jibu hilo laonekana kuwa jema, walakini halitoshi. Jiko la watu wengi si jiko dogo lililokuzwa, kama vile lori si baiskeli iliyokuzwa. Lina kanuni zake, na asiyezijua hupoteza fedha, kuni na afya. Ndiyo maana wako watu ambao kazi yao ni kutoa shauri juu ya majiko ya namna hii. Katika somo hili tutaona jinsi mshauri na mpishi wafanyavyo kazi pamoja.

Tufanye mfano. Tuseme kwamba mama mmoja wa Ibaba, mpishi hodari, amekusudia kujenga nyumba ya chakula kando ya barabara. Kwa miaka mingi ameuza mahindi na viazi, akaweka fedha kidogo kidogo. Akijenga vibaya, fedha hizo zitakwenda zote, naye hatapata nyingine upesi. Basi, kabla ya kununua hata tofali moja, amwita mshauri.

"Shikamoo, mama," asema mshauri, ambaye ni kijana.

"Marahaba, mwanangu. Je, umeniletea ramani?"

"La, mama. Nimeleta daftari tupu. Wewe utanifundisha kwanza, kisha mimi nitachora."

Hii ndiyo alama ya kwanza ya mshauri mwema: huuliza kabla ya kuchora. Yule ajaye na ramani tayari mfukoni amechora jiko la mtu mwingine.

"Watu wangapi watakula kwako?" auliza kijana.

"Wengi."

"Wengi ni wangapi, mama?"

Mama afikiri kidogo. "Siku za kawaida 40. Siku ya soko, 120. Nao huja wote kati ya saa saba na saa nane."

Mshauri aandika, kisha apiga hesabu. Mtu mwenye haraka ya soko hula kwa muda wa dakika 20. Kwa hiyo kiti kimoja chaweza kukaliwa na watu watatu katika saa moja, na viti 40 vyatosha kwa watu 120. Mama alikuwa amekusudia kununua viti 120 na kujenga chumba cha kuvitosha. Swali moja tu limemwokolea fedha nyingi.

Baadaye wazungumza juu ya maharage. Kila mtu atapewa robo lita. Robo lita mara 120 ni lita 30, na kwa kuwa sufuria haijazwi mpaka ukingoni, yafaa sufuria ya lita 40. Maji ya lita 30 peke yake yana uzito wa kilo 30. Chombo cha namna hiyo hakiinuliwi na mtu mmoja, wala hakipitishwi juu ya vichwa vya watu. Basi meko ya sufuria kubwa hujengwa chini kidogo, na bomba la maji huwekwa karibu, ili sufuria ijazwe papo hapo juu ya meko. Kadhalika sufuria ya ugali: ukingo wake usipite kiuno cha mpishi, maana asongaye ugali wa watu wengi hutumia nguvu za mabega na mgongo.

"Maharage nimeyawekea saa mbili motoni," asema mshauri.

Mama acheka. "Mwanangu, wewe umezaliwa pwani. Huku kwetu milimani maharage ni magumu. Saa mbili hayajaiva."

Mama amesema kweli, na sababu yake ni hii. Pwani maji huchemka yafikapo joto la digrii 100. Lakini kadiri tupandavyo juu, hewa hutukandamiza kwa uzito mdogo zaidi, na maji huchemka mapema. Mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,500, maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Ukiongeza kuni, maji yatatoka mvuke kwa wingi, lakini hayatapata joto zaidi. Kwa hiyo maharage ya milimani hutaka muda mrefu kuliko ya pwani. Hufaa kuyaloweka usiku kucha, au kuyapika katika sufuria ya presha, ambayo kifuniko chake huuzuia mvuke mpaka joto likapita digrii 100.

Basi mshauri afuta hesabu yake. Meko ya maharage yatashikwa tangu asubuhi, wala hayatapatikana kwa wali. Ramani yahitaji meko moja zaidi. Angalieni: mshauri alijua elimu ya majiko, bali mama aliijua Ibaba. Kama mama angalinyamaza kwa heshima, wageni wa saa saba wangalikula maharage mabichi.

Baada ya hayo mshauri aeleza jambo lililo kubwa katika kazi yake, nalo ni njia ya chakula. Katika jiko zuri chakula huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Huingia kwa mlango wa nyuma, kikawekwa ghalani. Kutoka ghalani huenda mahali pa kuoshea na kukatia, kisha mekoni, kisha meza ya kupakulia, mwisho kwa mlaji. Sahani chafu hurudi kwa njia nyingine, zikaenda penye karo la kuoshea vyombo. Zisikutane kamwe na chakula kilichopakuliwa.

Kwa nini? Nyama mbichi na vyombo vichafu hubeba vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ubao uliokatiwa nyama mbichi, ukikatiwa kachumbari, huwapa walaji vijidudu hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama mwaka wa 2001: kuwa safi, kutenga kibichi na kilichopikwa, kupika mpaka ndani, chakula kifikie digrii 70, kukiweka chakula katika joto lifaalo, na kutumia maji na vyakula vilivyo salama. Vijidudu huzaana upesi katika uvuguvugu, yaani kati ya digrii 5 na digrii 60. Mtu apikiaye nyumba yake akikosea, huugua watu wanane. Apikiaye soko akikosea, huugua watu 120 kwa siku moja.

Tena mshauri huhesabu hatua. Ikiwa maji yako mbali hatua 20, kwenda na kurudi ni hatua 40. Mpishi akienda mara 50 kwa siku, amekwenda hatua 2,000. Maji yakiwa mbali hatua 5 tu, atakwenda hatua 500. Msanifu mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alipima hivyo kazi za jikoni, hata mwaka wa 1926 akachora jiko dogo kwa nyumba za mji wa Frankfurt, Ujerumani, ambalo mpishi hakupotezea hatua ndani yake.

Sasa twaja kwenye moto. Mafiga matatu hutoa joto pande zote, na sehemu kubwa hupotea hewani. Meko yaliyozungushiwa ukuta wa matofali hulishika joto chini ya sufuria, na dohani, yaani bomba la moshi, huutoa moshi nje juu ya paa. Moshi si jambo dogo: huumiza macho, hudhuru mapafu, na wapishi ndio wauvutao kila siku. Mkaa nao, ukiwaka katika chumba kilichofungwa, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Tena kuna misitu. Jiko la watu wengi hula kuni nyingi, na mlima ukikosa miti, mvua huchukua udongo. Serikali ya Tanzania imeagiza kwamba taasisi zipikiazo watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Mwezi wa Mei mwaka 2024 ilitoa mkakati wa taifa, ukikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi, kama gesi, umeme, au gesi itokanayo na samadi. Kwa hiyo mshauri huuliza: Je, gesi hufika huku wakati wa masika, barabara zikiwa na matope? Umeme hukatika mara ngapi? Akichagua gesi, mtungi hukaa nje, mahali penye kivuli na hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, ikangoja cheche. Basi matundu ya hewa yawe chini karibu na sakafu, pamoja na yale ya juu ya kutolea mvuke.

Kazi hii ya kutoa shauri si ngeni duniani. Alexis Soyer, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1810, alikuwa mpishi mkuu wa klabu moja kubwa ya London. Alisaidia kulipanga jiko lake, hata watu wakaja kulitazama. Mwaka wa 1847, njaa ilipowaua watu wengi katika Ireland, alijenga jiko la kuwapa maskini supu katika mji wa Dublin. Mwaka wa 1855, wakati wa vita vya Krimea, alikwenda Uturuki, katika hospitali ya Scutari, alikokuwa muuguzi Florence Nightingale.

Huko Soyer hakuanza kwa kuamuru, bali aliingia jikoni akatazama. Aliona nyama imefungwa kwa nguvu hata moto hauingii ndani. Nje imeiva, ndani mbichi. Aliona supu nzuri iliyochemka na nyama ikimwagwa. Akawafundisha askari kuilegeza nyama na kuitunza supu. Tena alikuwa ametengeneza jiko la chuma lenye kifuniko, lililotumia kuni chache, na jeshi la Uingereza likatumia majiko ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Soyer alifaulu kwa sababu alitazama kwanza kazi ya wapishi wenyewe.

Turudi Ibaba. Ramani imekwisha, lakini mama hajui kusoma mistari ya karatasi. Mshauri achukua majivu, akaichora ramani yote juu ya ardhi ya kiwanja, kwa ukubwa wake wa kweli: hapa mlango, hapa karo, hapa meko. Kisha asema, "Mama, sasa pika." Mama ashika sufuria tupu, msaidizi wake ashika sinia, nao wafanya kazi ya siku nzima kwa mfano. Mara wagongana penye meza ya kupakulia. Njia ni nyembamba mno! Mshauri afuta mstari kwa mguu, auchora tena mbali kidogo. Kufuta majivu ni bure. Kubomoa ukuta ni gharama.

Kabla ya mwashi kuanza, mambo matatu yamebaki. La kwanza, ramani ionyeshwe kwa Bwana Afya, ambaye ataangalia maji, choo na mfereji wa maji machafu. La pili, mapatano yaandikwe: mshauri atafanya kazi gani, atakuja mara ngapi, na atalipwa kiasi gani na lini. La tatu, mama aseme kweli juu ya fedha zake. Mtu aonaye haya kusema "Nina hizi tu" huchorewa jiko asiloweza kulimaliza. Tena na ajihadhari na mshauri auzaye majiko. Huyo, kila aendako, huona kwamba jiko lake ndilo lifaalo.

Wazee husema, "Jifya moja haliinjiki chungu." Jifya ni jiwe moja la mekoni, peke yake haliwezi kukibeba chungu. Jiko la watu wengi nalo lina mawe matatu: ujuzi wa mpishi, elimu ya mshauri, na mikono ya mwashi. Ukiondoa moja, chungu humwagika.

Maswali

1. Kwa nini mama hakuhitaji viti 120?
2. Eleza sababu ya maharage kukawia kuiva milimani.
3. Chora njia ya chakula tangu ghalani mpaka kwa mlaji, na njia ya sahani chafu. Je, zakutana?
4. Pima kwa hatua umbali wa maji na jiko la kwenu. Mpishi huenda hatua ngapi kwa siku?
5. Mshauri alikosea wapi, na nani alimsahihisha?