Mwinamo na Mwelekeo: Kupanga Magurudumu ya Gari la Kasi

Gereji husema "alaimenti" tu, ilhali pembe ni kadhaa. Istilahi za hapa ni zangu. Chukua Subaru Impreza ya kuendea kazini. Mwinamo ni gurudumu kulaza kichwa ndani. Kwa digrii 1 hadi 1.5, tairi la nje hukanyaga lami vyema gari linapolalia upande konani. Ukizidisha hadi 3 kwa tamaa ya mbio, ukingo wa ndani huisha upesi, nao hauonekani ukisimama kando. Mvua ndiyo hukufichulia. Mwelekeo, yaani magurudumu kutazamana au kupeana kisogo, ndio mlaji mkuu wa tairi. Uachwe karibu na sufuri, tena upimwe mwisho, kwani kubadili mwinamo huuvuruga.