Kijana Anapokwambia "Nimechoka"



Mwaka juzi, nikiwa katika utume wa mwisho wa juma kwenye kigango kimoja cha Kibaha, kijana wa kwaya aliyekuwa kidato cha tatu alinisubiri baada ya mazoezi. Akasema, "Frateri, siku hizi silali. Nimechoka." Nami nilikuwa nawahi gari. Nikamshika bega nikamwambia, "Sali sana mdogo wangu, Mungu yupo," nikaondoka. Mwezi uliofuata hakuonekana kwaya. Tulipokutana tena alikuwa ameacha shule, anaendesha bodaboda ya mtu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa upole, "Mbona nilikwambia, Frateri."

Sikukosea kumtaja Mungu. Nilikosea kulitumia jina lake kufunga mazungumzo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mtu mzima asiye daktari anatakiwa kujua nini ili kijana asirudi nyumbani na mzigo uleule?

Kwa nini sisi?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa wastani huo, darasa la wanafunzi 70 lina kumi. Shirika hilo pia linataja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Wataalamu wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Mirembe. Kijana wa kijiji cha ndani Kisarawe hakutani nao. Anakutana na mama, mjomba, mwalimu wa zamu, matroni, katekista, ustadhi wa madrasa. Hao ndio wa kufundishwa.

Hatua tatu

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliopatwa na majanga. Hatua zake tatu zinatufaa hata katika maisha ya kila siku: tazama, sikiliza, unganisha.

Kutazama ni kuona mabadiliko. Kijana mchangamfu anajitenga. Usingizi na hamu ya kula vinabadilika, alama zinashuka, hasira zinakuja kwa jambo dogo. Wengine huumwa kichwa au tumbo kila mara na vipimo havionyeshi kitu. Wengine huanza pombe au bangi. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, tusikimbilie kusema ni mvivu, ana kiburi, ana mapepo au amerogwa. Majina hayo humfunga kijana mdomo. Na akianza kugawa vitu vyake au kusema kwamba mngepumzika kama asingekuwepo, hilo ni jambo la siku hiyohiyo.

Kusikiliza ni kukaa chini. Tafuta mahali penye utulivu, weka simu pembeni, uliza swali fupi: "Naona siku hizi hauko kama zamani, kuna nini?" Kisha nyamaza. Usimlinganishe na enzi zako, wala usimwahidi kutunza siri ambayo inaweza kugharimu uhai wake. Ukiwa na wasiwasi, muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Wengi tunaogopa kwamba swali hilo litampa wazo, lakini tafiti hazionyeshi hivyo. Mara nyingi kijana hupata nafuu kwamba hatimaye mtu amethubutu kuuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na uondoe karibu naye dawa za kuulia wadudu, vidonge na vitu vingine vya kumdhuru.

Kuunganisha ni kumpeleka panapostahili, na si kumtuma. Kibaha kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kisarawe kuna Hospitali ya Wilaya, na halmashauri zina maafisa ustawi wa jamii. Namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Nenda naye mara ya kwanza, na baada ya wiki muulize anaendeleaje.

Je, watu wazima hufundishika?

Katika miaka ya 2010, walimu wa sekondari za Arusha na Meru walipewa mafunzo ya siku chache kwa mwongozo uliotoka Kanada, ukarekebishwa kwa ajili ya Malawi na kisha Tanzania. Watafiti walipowapima waliona maarifa yao yameongezeka na unyanyapaa umepungua. Walimu hawakugeuka madaktari. Walijua sasa cha kutazama na pa kumpeleka mwanafunzi.

Kwetu Pwani wazo hili si geni. Mwali hakuachwa ajilee mwenyewe. Alikuwa na somo au kungwi wa kumfunda, mtu mzima mwingine mbali na wazazi. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma darasani, anapoorodhesha dawa za huzuni anataja machozi, huruma ya rafiki, kutafakari ukweli, hata usingizi na kuoga. Kwake huzuni ni kama mzigo, na rafiki anayehuzunika nawe ni kama anayeweka bega chini yake. Mwalimu huyo mkubwa wa sala hakudharau usingizi. Mimi niliyeambiwa "silali" niliudharau.

Kibaha ina Shirika la Elimu lililoanza mwaka 1963 ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, na chini yake kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mahali pa kukutana hapakosekani. Parokia, shule na misikiti wakiamua, Jumamosi moja inatosha kuanza, muuguzi wa afya ya akili akialikwa kufundisha.

Yule kijana bado anaendesha bodaboda. Siku hizi nikifika kigangoni huwa nampigia anipeleke stendi, na tunatoka mapema ili tupate muda wa kukaa. Kuhusu shule bado hajaamua. Juzi aliniambia amelala usiku mzima.