Glakoma ya Kufunga Pembe: Leza au Kisu?
Hebu fikiri: macho yako yanasoma gazeti hili vizuri, hayana ukungu wala mtoto wa jicho, kisha mganga akuambie kwamba lenzi ya jicho lako yafaa itolewe. Bila shaka utashtuka. Hata hivyo, kwa baadhi ya wagonjwa wa glakoma ya kufunga pembe, shauri hilo ni la busara.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji wakati wote. Maji hayo hupita katika mboni, kisha hutokea kwenye mfereji ulio pembeni, mahali utando wa rangi unapokutana na ukuta wa jicho. Umri unavyosonga, lenzi hunenepa. Katika jicho dogo huusukuma utando huo mbele hata ukauziba mfereji. Shinikizo hupanda, na mshipa wa kuonea hufa kidogo kidogo. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

Kwa miaka mingi tiba ya kwanza ilikuwa leza, ambayo hutoboa tundu dogo katika utando ili maji yapate njia. Lakini mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uingereza, Australia na sehemu za Asia. Wagonjwa 419 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wasio na mtoto wa jicho, waligawanywa kwa kura: wengine leza, wengine kutolewa lenzi na kuwekewa ya bandia. Baada ya miaka 3, waliopasuliwa walikuwa na shinikizo la chini zaidi na hali bora ya maisha. Kati yao 126 hawakuhitaji tena dawa za glakoma. Kwa upande wa leza walikuwa 45 tu. Kwa mfanyakazi anayenunua dawa ya matone kila mwezi, tofauti hiyo si ndogo.

Je, kila mgonjwa akimbilie kisu? La. Upasuaji una hatari zake, na kijana akitolewa lenzi hupoteza uwezo wa jicho wa kujirekebisha kutazama karibu. Kwake leza yaweza kufaa zaidi.

Basi, kabla ya kukubali au kukataa, muulize mganga wako: shinikizo langu ni kiasi gani? Pembe imefungika kwa kiasi gani? Mshipa umeharibika? Baada ya tiba nitahitaji matone?

Yapo pia mashambulio yasiyotoa nafasi ya kutafakari. Jicho likiuma ghafla na kuwa jekundu, kichwa kikigonga, mtu akitapika na kuona pete za rangi kuzunguka taa, msimpe kidonge cha kichwa mkalala. Mpelekeni hospitali usiku uo huo, ashushwe shinikizo kwanza. Mambo ya leza na kisu yatafuata. Jicho halingoji Jumatatu.