Fahamu: Kifipa na Kiswahili vina udugu gani?

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, swali hili hurudi: Kifipa, lugha ya nyumbani Kasense, Sumbawanga, ni lahaja ya Kiswahili? Hapana. Ni lugha kamili, ndugu ya Kiswahili katika ukoo wa Kibantu.

Wafipa wenyewe huiita Ichifipa. Neno hilo moja linafundisha mengi. “Chi” ndiyo “Ki” ya Kiswahili. “I” ya mwanzo ni irabu tangulizi, ambayo Kiswahili kiliiacha zamani. Ndiyo maana Mfipa husema “Ichifipa”, Mswahili “Kifipa”. Tofauti kubwa zaidi husikika, haiandikwi: Kifipa kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Kiswahili sanifu kina mkazo tu, kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Katika orodha yake ya lugha za Kibantu, mwanaisimu Malcolm Guthrie alikipa Kifipa namba M13, jirani na Kirungu na Kimambwe, lugha zinazovuka mpaka hadi Zambia. Kiswahili cha Unguja ni G42d.

Lakini kuwa au kutokuwa na toni si kipimo cha udugu. Kiburma cha Myanmar nacho kina toni, na hakihusiani kabisa na Kifipa. Udugu huonekana kwenye viambishi na maneno ya msingi, na hapo Kifipa na Kiswahili hushikana mkono waziwazi. Anayekiita Kifipa “Kiswahili kibovu” anakikosea heshima.