Spika za Nyumbani Zisizo na Waya: Je, Zafaa kwa Kompyuta ya Tawi?



Wanachama wa matawi kadhaa wametuuliza kama zile spika za nyumbani zisizo na waya, ambazo baadhi yetu tumeletewa na jamaa walioko ng'ambo, zaweza kutumika kwa kompyuta ya ofisi ya tawi. Zaweza. Lakini kwa kazi nyingine hazifai, na ni vizuri sababu yake ieleweke kabla fedha za michango hazijatumika.

Sisi tulijifunza kwa aibu. Tuliwakusanya wapulizaji dawa wa shamba moja la chai ili tuwaonyeshe somo la usalama kwenye kompyuta. Spika tuliyoazima ilikuwa na sauti nzito, ikasikika mpaka mlangoni. Ila sauti ilikuja nyuma ya picha. Ilikuwa ingali ikisema glavu zioshwe kwa sabuni zikiwa bado mikononi, na kwenye picha mwalimu amekwisha kuzivua. Mzee mmoja aliyepuliza dawa miaka mingi akanyosha mkono: "Tufuate mdomo au tufuate mikono?" Hatukuwa na jibu, na kazi ya dawa haina mzaha. Tukaahirisha somo.

Chanzo si ubovu wa spika. Ndani ya kompyuta sauti ni tarakimu tupu. Ili ifike kwenye spika isiyo na waya, hufungwa vifurushi vifurushi na kurushwa hewani kwa mawimbi ya redio. Vifurushi vingine hupotea njiani, huenda ikabidi virushwe tena. Kama spika ingetoa kila kifurushi papo hapo kinapofika, sauti ingekatika-katika. Kwa hiyo hujiwekea akiba kwanza, kama sisi tunavyojaza pipa kwa kuwa maji ya bomba hayaaminiki. Pipa hukufaa bomba likikauka, lakini maji unayoteka sasa yaliingia zamani kidogo.

Spika za Wi-Fi huweka akiba kubwa zaidi, kwa sababu zilitengenezwa ili wimbo mmoja usikike sebuleni na jikoni kwa wakati mmoja, na spika zote husubiriana. Mfumo wa AirPlay wa kampuni ya Apple, uliotoka mwaka 2010, ulichelewesha sauti kwa sekunde 2 hivi. Kwa muziki hakuna anayejali. Bluetooth ina nafuu. Mara nyingi huchelewa robo ya sekunde au pungufu. Hata hivyo ITU, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia mawasiliano, kilieleza mwaka 1998 kwamba watu huanza kutambua sauti inapochelewa nyuma ya picha kwa thumuni ya sekunde hivi. Hiyo ni sawa na kumtazama mkata kuni aliye umbali wa mita 40 na zaidi: shoka hushuka kwanza, mlio hufuata.

Programu nyingine huichelewesha picha makusudi ili iende pamoja na sauti, ndiyo maana huenda filamu ikaonekana sawa. Katika mazungumzo ya moja kwa moja na mtu wa mji mwingine ujanja huo hausaidii. Maneno yake yanakufikia yamechelewa, nawe unajibu umechelewa, mwisho mnakatizana.

Dawa ni waya. Tazameni nyuma ya spika kama lipo tundu la kuingizia sauti. Tunasema la kuingizia, maana wengi wamedanganyika hapa. Echo Dot za Amazon za kwanza zilikuwa na tundu la kutoa sauti tu. Mtu huchomeka waya wa kompyuta, asisikie kitu, akadhani spika imekufa. Ile iliyotoka mwaka 2022 haina tundu kabisa, na HomePod ya Apple vilevile. Sonos Five inalo la kuingizia, lakini hata kwa waya huchelewesha sauti kidogo, na bei yake si ya tawi letu.

Liko jambo jingine. Nyingi za spika hizi zina maikrofoni, zinasubiri kuitwa jina ndipo zitume sauti kwenye mitambo ya kampuni. Mara nyingine husikia vibaya na kujiwasha. Mwezi wa Aprili 2019 shirika la habari la Bloomberg liliandika kwamba maelfu ya wafanyakazi, wengine wao Romania, India na Costa Rica, walikuwa wakisikiliza sehemu ya rekodi za Echo ili kuufundisha mtambo. Baadhi yao walisema zamu moja ya saa 9 iliweza kuwa na vipande 1,000. Tangu tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliondoa nafasi ambayo wenye baadhi ya Echo huko Marekani walikuwa nayo, ya kuzuia sauti zao zisitumwe. Kitufe cha kufunga maikrofoni bado kipo, na taa nyekundu huwaka. Lakini mkiwa mnapanga madai ya mshahara, chomoeni spika hiyo kwenye umeme na kuitoa chumbani.

Somo la dawa tulilirudia Jumamosi iliyofuata kwa spika mbili kuukuu za waya. Sauti ilikuwa nyembamba, ikabidi watu wasogee mbele. Yule mzee alikaa safu ya kwanza, na safari hii aliuliza habari za sabuni yenyewe: nani atainunua?