George Arliss: Kutoka Filamu Bubu hadi Filamu za Sauti

Filamu zilipopata sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, baadhi ya waigizaji waliosifika kwa uso na ishara tu waliingia mashakani. George Arliss, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1868, alinufaika na mageuzi hayo. Mwaka 1911 alimwigiza jukwaani, huko New York, Disraeli, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1921 alimwigiza tena katika filamu bubu. Humo, maneno ya mwanasiasa huyo hodari wa kusema yaligeuzwa kuwa maandishi mafupi baina ya picha: mtazamaji aliyasoma bila kuyasikia. Mwaka 1929 filamu hiyo ilitengenezwa upya kwa sauti. Arliss, aliyekwisha kutimiza miaka 60, alileta mafunzo ya jukwaa: matamshi bayana, kituo kabla ya neno zito, kejeli inayobebwa na kiimbo. Mwaka 1930 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akiwa Mwingereza wa kwanza kuipata. Mhusika alikuwa yule yule, na mwigizaji yule yule. Kilichoongezeka ni lugha inayosikika.