Figo Mpya, Mishipa Ile Ile

Leo tunazungumza nawe uliyepandikizwa figo, pamoja na jamaa zako, hapa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Ukirudi nyumbani kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, mkojo unatoka na nguvu zimerudi. Wengi husema, "Nimepona." Lakini kilicho kipya ni figo. Mishipa ya damu ni ile ile iliyougua nawe miaka yote.

Chukua mfano wa mpira wa maji. Ukiwa mpya, hutanuka maji yakipita. Ukikaa kwenye jua la Voi, hukauka ukawa mgumu. Ateri nazo hukakamaa kwa sababu ya presha, kisukari, sigara, na kalisiamu inayoganda kwenye kuta zake figo zinaposhindwa kazi. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana maradhi ya moyo huwaua wengi waliopandikizwa, hali figo mpya bado inachuja vizuri.

Ugumu huu hauumi. Utaujuaje? Tazama presha yako. Ikiwa 120 kwa 80, tofauti ni 40. Ikiwa 160 kwa 70, tofauti ni 90. Pengo likizidi kupanuka, huenda ateri zimekakamaa. Andika namba hizo kila unapopimwa, umwonyeshe daktari.

Damu nayo ina habari. Kreatinini huonyesha jinsi figo inavyochuja. Kalisiamu na fosforasi huonyesha kama madini yako sawa. Sukari na kolesteroli zikizidi, huharibu kuta za mishipa.

Kama unatumia takrolimasi, kiwango chake hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukiimeza kabla ya kusafiri, majibu yatampotosha daktari. Beba dawa yako, utolewe damu kwanza, ndipo umeze.

Usikatize dawa hata nauli ikikosekana. Pigia kliniki simu mapema. Usijinunulie dukani dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, kwani huumiza figo. Usile balungi, kwani huzidisha takrolimasi mwilini. Punguza chumvi, acha sigara, tembea kila siku.

Umepewa figo, msikilizaji. Itunze pamoja na mishipa yake. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.